Eksirei ya Mwalimu Kimya

Kila asubuhi nyumba yao iliamshwa na cherehani. Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na kwa kuwa mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia, kila mzazi wa mtaa ule alikuwa amekumbuka ghafla kwamba mtoto wake amerefuka. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa vya buluu. Nyuzi zilinata kwenye soksi, na aliyetaka kwenda kunawa uso ilimbidi aruke rundo la sketi zisizo na pindo.

Binti yake mkubwa, ambaye mtaani na shuleni alijulikana kwa jina la Kicheko, alikuwa na kazi zake kabla ya kwenda shule: kupiga pasi sare zilizokwisha, kuandaa chai, na kuhakikisha mdogo wake amevaa viatu viwili vinavyofanana. Jumanne moja alipiga pasi huku akibishana na mdogo wake kuhusu kiatu kilichopotea, na pasi ikakaa mahali pamoja kupita kiasi.

"Umeunguza," alisema Mama bila kugeuka. Pua yake ilikuwa na kasi kuliko macho ya wengine.

"Kidogo tu, Mama. Ndani ya pindo."

"Kidogo. Mwenye sketi anakuja sasa hivi, nimwambie kidogo?" Mama aliichukua sketi, akaigeuza, akashusha pumzi ndefu. "Mwanangu, mimi utanizeesha kabla ya wakati."

Kicheko alisimama na pasi mkononi, na midomo yake ikaanza. Ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni. Wengine wakiogopa hulia, wengine hutetemeka, wengine huomba ruhusa ya kwenda chooni. Yeye midomo ilivutika pande zote mbili, mashavu yakapanda, meno yakatoka nje yote, na mtu asiyemjua angeapa kwamba binti huyu ameambiwa nyumbani kuna sherehe. Kumbe ndani ni hofu tupu.

"Na hayo meno yarudishe ndani," Mama alisema, sauti imelainika. "Najua umeogopa. Lete mkasi nipinde upya, kisha mwende shule. Na nisije nikaitwa huko. Kwa kazi hii iliyonijaa sina hata dakika ya kwenda kusimama mbele ya walimu."

Shuleni, Kicheko alikuwa darasa la sita. Mwalimu wao wa hisabati ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa nidhamu wa shule nzima. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kimya, kwa sababu neno hilo alilisema kuliko mtu yeyote pale shuleni, tena kwa sauti iliyoishinda kengele. Hakuwa mtu mbaya. Hesabu za sehemu alizifundisha mpaka aliyekata tamaa akaelewa. Lakini fujo zilimchosha. Viti vilivyoburutwa vilimchosha, chaki zilizotupwa zilimchosha, na tangu fimbo zilipopigwa marufuku shuleni alijiona kama fundi aliyenyang'anywa nyundo.

Akabaki na kipaji kimoja alichojivunia. Alidai kwamba anaweza kumjua mkosaji kwa kumtazama usoni. Kosa likitokea na mwenyewe asijulikane, aliwasimamisha wote, akapita taratibu kati ya madawati, akimkazia macho mmoja mmoja bila kusema neno. Wanafunzi waliliita zoezi hilo eksirei. Aliyetazama chini, aliyepepesa macho, aliyetokwa na jasho, basi huyo huyo. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mara nyingi alikosea, kwa kuwa aliyekamatwa alikubali tu ili yaishe.

Amri zake zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa hii: kabla hajaingia darasani, madirisha yote ya upande wa uwanja yawe yamefungwa. Hakutaka upepo upeperushe karatasi zake wala kelele za uwanjani zishindane naye. Kazi ya kuyafunga ilikuwa ya Kiranja wa darasa, mwanafunzi mpole aliyevaa beji yake kifuani kila siku na kuipangusa kwa kiwiko kila alipoikumbuka.

Jumanne hiyo, kabla ya kengele ya kwanza, Kicheko na wenzake wawili walirushiana mpira mdogo nyuma ya darasa. Walijua kabisa kwamba mpira darasani ni marufuku. Kengele ilipolia, Kicheko aliusukumia ndani ya mfuko wake wa vitabu na mambo yakaendelea. Lakini waliporudi kutoka mapumziko walikuta kioo cha dirisha la pili kimevunjika na vipande vimetapakaa sakafuni. Mwalimu Kimya aliingia, viatu vyake vikakanyaga vipande, akasimama.

"Nani?"

Alifumba macho kidogo kama mtu anayeumwa kichwa, na bila shaka kilimuuma. "Simameni."

Eksirei ikaanza. Alimpita Kiranja aliyesimama wima, uso umetulia kama wa kwenye picha ya kitambulisho, wala hakukawia hapo. Alipita safu ya kwanza, akaingia ya pili. Kicheko alisikia viatu vikikaribia, akakumbuka mpira uliomo kwenye mfuko wake, na jasho jembamba likamtoka. Alijiambia, usicheke, tafadhali leo usicheke. Viatu vikasimama mbele yake.

Midomo ikaanza.

"Unacheka," alisema Mwalimu Kimya.

"Sicheki, Mwalimu."

"Mbona naona meno?"

Wanafunzi wa nyuma walianza kucheka, hao wakicheka kicheko cha kweli. "Kimya," alisema bila kuwatazama. Kicheko alijaribu kuvuta midomo kwa ndani, ikagoma. Akaifunika kwa kiganja.

"Na sasa unaficha. Shule haina hela ya vioo, mimi sina nguvu ya kupiga kelele kutwa, na wewe unaona ni mchezo. Nimechoka na dharau yako. Toka nje. Keshokutwa uje na mzazi."

Kicheko alisimama nje ya mlango mpaka kipindi kikaisha. Alikuwa na hasira na Mwalimu, lakini zaidi alikuwa na hasira na uso wake mwenyewe. Watu wengine nyuso zao huwatetea. Wake ulikimbilia upande wa pili na kumsingizia.

Jioni alimweleza Mama. Mama alisimamisha cherehani, akamtazama juu ya miwani.

"Nilisema nini asubuhi?"

"Ulisema usiitwe."

"Na nimeitwa. Ulivunja?"

"Sikuvunja, Mama. Haki ya nani."

"Kuna kingine chochote ambacho sijaambiwa?"

Kicheko aliufikiria mpira. "Hakuna," alisema.

Alhamisi walikwenda wote wawili. Mama alivaa nguo nzuri, ingawa nyuzi za buluu zilikuwa zimemng'ang'ania begani. Ofisini Mwalimu Kimya aliwaonyesha viti, akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopanda. Binti huyu alicheka alipoulizwa kuhusu kioo. Mwezi uliopita alicheka alipochelewa. Alicheka mbele ya Mwalimu Mkuu mwenyewe. Hata siku alipopata sifuri alicheka, na nani hucheka sifuri?

Mama alisikiliza ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakuwa amekaa ofisi ya walimu tangu alipokuwa na sketi kama zile alizokuwa akizishona. Kicheko alimtazama kwa pembe ya jicho. Midomo ya Mama ilikuwa imeanza.

"Mama Kicheko," alisema Mwalimu polepole, "hata wewe unacheka?"

"Sicheki, Mwalimu," Mama alijibu, meno yote nje. "Samahani, ni huu uso tu, ukiwa na..."

"Basi. Naona mmekuja ukoo mzima kunicheka." Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. "Kuanzia Jumatatu amesimamishwa masomo kwa wiki mbili. Mwalimu Mkuu atatia sahihi asubuhi hiyo hiyo. Na kesho baada ya masomo abaki afute madirisha ya jengo lote."

"Lakini Mwalimu, wiki mbili hizo ndizo za mitihani. Asipofanya mitihani si atarudia darasa?"

"Angelifikiria hilo kabla ya kucheka."

Njiani, karibu na nyumbani, Mama alipunguza mwendo. "Mimi pia walinitoa nje kwa meno haya haya," alisema. "Nikadhani nikikua yataacha. Jamani, mtu mzima mimi, na foleni ya sketi inanisubiri, nakaa pale nachekelea kama nimepewa zawadi." Alipangusa macho kwa kona ya kitenge. Kicheko hakuwahi kumwona Mama ameudhika hivyo.

Ijumaa wanafunzi waliondoka mapema, kwa kuwa walimu walikuwa na semina. Kicheko alibaki na ndoo ya maji na rundo la magazeti ya zamani, akifuta madirisha kwa nje. Mwenye semina alikuwa mkufunzi, mwanamama mfupi wa sauti ya taratibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka shule akiwafundisha walimu namna ya kusimamia nidhamu kwa haki na huruma. Semina iliwekwa darasa la sita, na kwa kuwa dirisha la pili bado lilikuwa halina kioo, Kicheko alisikia kila neno bila hata kutega sikio.

Kwa kweli kulikuwa na mengi ya kusikia. Nusu ya walimu walichelewa. Walioingia walikwenda moja kwa moja kwenye madawati ya nyuma. Simu ya mwalimu wa sayansi iliimba wimbo mzima ndipo akaipata mfukoni. Mwalimu wa michezo aliomba ruhusa ya kwenda msalani, na Kicheko akamwona akipita uani na kutoka langoni na kofia yake. Wawili waliozoea kuwaambia wanafunzi wasinong'one walikuwa wananong'ona. Mkufunzi alinyamaza, akasubiri, akaanza tena, akanyamaza tena. Subira yake ilikuwa ndefu, lakini ilionekana ikifika ukingoni.

"Naomba kuuliza," ilisikika sauti ya Mwalimu Kimya kutoka nyuma. "Tangu saa ile tunaambiwa huruma, huruma. Mimi nina watoto hamsini chumba kimoja. Wanavunja, wanacheka. Niwabembeleze? Niwaimbie?"

Walimu wakacheka.

"Wewe mtoto akikosea unafanyaje?" mkufunzi aliuliza.

"Nina njia yangu. Nawasimamisha, napita, nawatazama usoni. Mkosaji anajionyesha mwenyewe. Haijawahi kunidanganya."

"Ulijuaje kwamba haijakudanganya?"

"Kwa sababu wanakubali."

Mkufunzi alitikisa kichwa taratibu, akarudi mezani kuchukua kalamu yake. Akatazama juu ya meza, akatazama chini yake, akainua karatasi. Uso wake ukabadilika.

"Kalamu yangu nyekundu ilikuwa hapa. Nani ameichukua?"

Darasa lilinyamaza, mara ya kwanza mchana huo.

"Nimeuliza kwa adabu. Nimetoka mbali, nimevumilia simu, nimevumilia wanaochelewa, na sasa mnanichukulia vitu vyangu. Simameni."

"Mwalimu, sisi ni watu wazima," alinung'unika mmoja.

"Simameni."

Wakasimama, viti vikaburutwa. Mkufunzi akaanza kupita kati ya madawati, polepole, akimtazama kila mmoja machoni. Kicheko alisahau kufuta. Mwalimu wa lugha alianza kurekebisha kola yake. Mwalimu wa sayansi alitazama chini kana kwamba kalamu iko kwenye viatu vyake. Mkufunzi alimfikia Mwalimu Kimya, akasimama. Alimtazama tu, na walimu wote wakageuza shingo kumtazama pia.

Midomo ya Mwalimu Kimya ikaanza.

Kwanza ilivutika upande mmoja. Akaikunja. Ikavutika upande wa pili. Kisha meno yakatoka, yale ya mbele na hata lile la pembeni lililokatika.

"Unacheka?" mkufunzi aliuliza.

"Sicheki."

"Mbona naona meno?"

"Sijachukua kalamu yako, mama. Mimi nina kalamu zangu." Sauti ilikuwa ya mtu mwenye hasira, na uso ulikuwa wa mtu anayepokea pongezi. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Na sasa unaficha," alisema mkufunzi. Kisha akageuka. "Mwalimu Mkuu, tafadhali."

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama safu ya mbele kwa utulivu muda wote, alifungua mkoba wake akatoa kalamu nyekundu. "Tulipanga wawili," alisema. "Mnisamehe."

Walimu wakashusha pumzi na kuanza kucheka, wengine wakipiga madawati. Mwalimu Kimya hakucheka, ingawa meno yake yalikuwa bado nje. Mkufunzi aliwaacha wamalize, akamuuliza kwa sauti ile ya taratibu, "Kwa nini ulicheka na hukuichukua?"

"Sijui."

"Ulijisikiaje?"

Mwalimu Kimya alishusha kiganja. "Vibaya. Wote mnanitazama, na nikijitetea ndio ninazidi kuonekana mwizi." Alimeza mate. "Niliogopa."

Wakati huo darasa lilikuwa kimya kabisa, wala hakuna aliyekuwa ameagiza. Mwalimu Kimya aligeukia dirishani apate hewa, na pale kwenye tundu la kioo alimkuta Kicheko, gazeti bichi mkononi, amekamatwa akisikiliza ya wakubwa. Kicheko aliogopa, na midomo yake ikaanza. Wakatazamana, mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja meno nje, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka.

Semina ilipokwisha, Mwalimu Kimya alimfuata uani. Kicheko alishika ndoo kama ngao.

"Umesikia yote?"

"Nilikuwa nafuta dirisha, Mwalimu."

"Sijauliza kama ulikuwa..." Alijikata mwenyewe, akakuna kichwa. Ilionekana wazi kwamba alikuwa anajaribu kukumbuka kitu alichofundishwa muda mfupi uliopita na kilikuwa kinamponyoka. Akakaa kwenye ngazi. "Haya. Nieleze ilivyokuwa Jumanne, mwanzo hadi mwisho. Sitakukatiza."

"Asubuhi kabla ya kengele tulikuwa tunarusha mpira darasani..."

"Mpira? Darasani?"

Mwalimu alifunika macho kwa mkono. "Nimekukatiza. Endelea."

Akaendelea. Alisema mpira ulikuwa wake na yeye ndiye aliyeanza. Alisema kioo kilikuwa kizima kengele ilipolia, na mapumziko yote alikuwa uwanjani na wenzake. Alisema pia kwamba akiogopa midomo hujivuta yenyewe, kwamba ameshajaribu kuing'ata, kuifunika na hata kufikiria misiba, na kwamba Mama yake naye yuko vivyo hivyo, kwa hiyo siku ile ofisini hakuna aliyekuwa anamcheka Mwalimu.

"Kwa nini hukusema haya yote siku ile?"

"Hukuniuliza ilivyokuwa, Mwalimu. Uliniuliza kwa nini nacheka. Hilo sikuwa na jibu lake."

Mwalimu Kimya aliinuka kutoka kwenye ngazi. "Mpira ni kosa," alisema. "Kwa mpira utafagia darasa wiki nzima, wewe na hao wenzako. Kioo ni jambo jingine. Jumatatu kabla Mwalimu Mkuu hajatia sahihi, nataka nijue ukweli. Sipendi kukwambia nimekuamini halafu kesho mtu aniulize kwa nini, nibaki natazama dari."

Kwa hiyo mitihani ilikuwa bado inaning'inia. Jioni hiyo Kicheko alimwendea Mama kwenye cherehani. "Mama, kulikuwa na kingine," alisema, akamweleza kuhusu mpira. Mama alimkaripia ipasavyo, kwa mpira kidogo na kwa kuficha sana. Kisha akasema kwamba Jumatatu watakwenda wote, na kama ni kutoa meno, watayatoa wote.

Jumatatu Mama alibaki nje ya ofisi, na Kicheko akaambiwa aingie darasani asubiri. Mwalimu Kimya alipoingia, wanafunzi walisimama wenyewe wakijua ni eksirei.

"Kaeni," alisema. Walitazamana, wakakaa. "Leo sitamtazama mtu. Kioo kilivunjika Jumanne, na mimi nilimhukumu mtu kwa uso wake. Nilikosea." Maneno hayo yalimtoka kwa shida. "Sitaki kujua nani wa kumfukuza. Nataka kujua kilitokea nini na tutatengenezaje. Anayejua aje wakati wa mapumziko. Nitamsikiliza mpaka amalize."

Alingoja. Mtu mmoja alipiga chafya. Mshipa wa shingo ya Mwalimu ulisimama, mdomo ukafunguka kwa lile neno lake, na darasa zima likaliona likija. Akalimeza. Akageukia ubaoni akaanza kuandika sehemu, chaki ikimkatikia mara mbili.

Mapumziko yalipofika, Kiranja alibaki amekaa. Wengine wote walitoka isipokuwa Kicheko, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kufagia. Kiranja alisimama, uso umetulia vilevile, ila mkono ulikuwa umeishika beji.

"Ni mimi, Mwalimu."

Mwalimu Kimya aliweka chaki chini. "Eleza."

"Komeo la lile dirisha limeshika kutu. Halifungi. Ulikuwa karibu kuingia, na amri ni yafungwe. Nikalisukuma kwa mpini wa ufagio. Likafunga ghafla, kioo kikavunjika."

"Yaani kilivunjika ukitekeleza amri yangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na komeo bovu hukuniambia?"

"Nilitaka. Wewe ukisikia kitu kibovu unauliza nani ameharibu."

Mwalimu Kimya aliketi kwenye dawati la mbele, dawati dogo mno kwake, magoti yakafika kifuani. Alionekana amechoka, na safari hii hakuna mtu mwingine wa kumlaumu. "Nilikupita Jumanne bila hata kusimama," alisema.

"Mimi nikiogopa uso unaganda," alisema Kiranja, na sauti ikaanza kukatika. Alivua beji akaiweka juu ya meza. "Nilijua Kicheko ameonewa. Nilinyamaza kwa sababu ya hii."

Kicheko alikuwa amesimama na ufagio wake. Angependa kusema kwamba alimsamehe hapo hapo, lakini hakumsamehe. "Nimefuta madirisha ya jengo zima kwa ajili yako," alisema. "Mama yangu alitolewa maneno ofisini kwa ajili yako. Nilikuwa nirudie darasa."

"Najua. Ungependa nifanye nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Kicheko swali kama hilo. Alifikiri. "Useme mbele ya wote. Na wiki hii madirisha uyafute wewe."

"Nitasema. Nitafuta," alisema Kiranja.

Mwalimu Kimya aliichukua beji, akaigeuza mkononi, akamrudishia. "Beji utaivaa ukishasema. Komeo ni langu, nilipaswa kulikagua kabla ya kutoa amri. Nitamleta fundi leo." Na baada ya mapumziko Kiranja alisema kweli mbele ya darasa, kwa sauti ndogo lakini mpaka mwisho, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu Kimya alimchukua Kicheko wakaenda ofisini. Mwalimu Mkuu alisikiliza habari yote, akaichana karatasi ya kusimamisha masomo, akasema mitihani ni kesho na mwanafunzi asichelewe. Mama alikuwa bado amesimama nje ya mlango, mkoba kifuani.

"Mama Kicheko," alianza Mwalimu Kimya. Alikohoa. "Nilikusemesha vibaya, wewe na mtoto wako. Nilidhani nasoma nyuso, kumbe nilikuwa nasoma hasira yangu mwenyewe. Naomba... naomba radhi." Na alipokuwa amesimama pale, mtu mzima na mwalimu wa nidhamu wa shule nzima, midomo yake ikaanza kuvutika, upande mmoja, kisha wa pili.

Akaifunika kwa kiganja haraka. Mama alimtazama, kisha akatikisa kichwa kwa upole.

"Usiifunike, Mwalimu. Kwetu uso huo tunaujua. Nimekuelewa."

Kisha akamgeukia binti yake, akamtoa uzi wa buluu kwenye nywele. "Na wewe nikwambie. Mwalimu amejifunza kuuliza kabla ya kuhukumu, ni haki yako. Lakini na wewe ungesema habari ya mpira siku ile ile nilipokuuliza, ningekuja hapa nikiwa na la kukutetea. Mtu hawezi kukutendea haki kwa jambo ulilolificha. Midomo hiyo ikitaka kuvutika iache ivutike, lakini isiache kusema kweli."

"Nimesikia, Mama," alisema Kicheko.

"Haya, nenda kafagie. Mimi nina sketi."